Jakaranda iliyopasuliwa na upepo: usiiangushe bado

Mkuu, umesema upepo umeng'oa tawi moja kubwa la jakaranda yako likashuka na gome la shina, jingine linaning'inia, na kila anayepita anakwambia uukate mti uanze upya. Mimi nisingeukata. Na kwa sasa nisingegusa kitu kingine zaidi ya kile kilichokwisha kuvunjika.

Nasema hivyo kwa sababu mti wangu wa kwanza niliuua mwenyewe. Tawi nene lilivunjika, nikaona mti umeelemea upande mmoja, nikataka kuusawazisha. Nikafyeka upande uliokuwa mzima. Kisha kile kisiki cha tawi nikakikata sawasawa na shina, kikawa laini kama meza, nikakipaka rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka mlango. Nikajiona fundi kweli. Mvua zikaja, rangi ikafanya nyufa, maji yakajificha nyuma yake. Misimu michache baadaye ukibonyeza pale kidole kinazama.

Kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi yetu. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua miti mingi kuchunguza ndani yake, akaeleza kwamba mti huizungushia kuta sehemu iliyoharibika, halafu hujenga mbao mpya kwa nje. Kinga hiyo ina nguvu zaidi kwenye ule mkunjo uliovimba pale tawi linapotokea shinani. Mimi niliukata wote. Rangi nayo haizuii kuoza, kwa hiyo ihifadhi kwa kazi ya mlango.

Haya, hilo tawi linaloning'inia. Ukilikata mara moja kutoka juu, uzito wake utalivuta chini kabla msumeno haujamaliza, na litachuna gome tena. Anza na mkato wa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie robo hivi ya unene. Mkato wa pili uwe wa juu, sentimita chache mbele ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Unabaki na kisiki chepesi. Hicho sasa ndicho unakikata nje kidogo tu ya mkunjo. Usiache kisiki kirefu pia, kitakauka na kuwa njia ya kuoza. Kama liko juu sana au karibu na nyaya za umeme, tafuta mwenye kazi yake. Hapo sina mzaha.

Pale gome lilipochanika, chukua kisu kikali na safi, punguza vipande vilivyolegea mpaka ufike gome lililoshika vizuri. Basi. Usilichonge jeraha liwe na umbo zuri, unaliongeza ukubwa bure.

Matawi ambayo huna uhakika nayo, kwaruza gome kwa ukucha. Kijani na unyevunyevu, lipo hai. Kahawia na kavu, sogea kuelekea shinani ukwaruze tena. Kwa jakaranda yangu ya baadaye, nayo ilipovunjika, nilisubiri majani mapya yatoke ndipo nikaamua, na matawi mawili niliyokuwa nimeyahukumu kifo yakachipua.

Angalia pia panda zilizobaki. Jakaranda hupenda kuota mashina mawili yaliyobanana kama herufi V, gome likaingia katikati, na hapo ndipo hupasuka. Huenda ndipo pako palipopasukia. Kama ipo nyingine ya namna hiyo, fupisha shina moja kidogo mpaka kwenye tawi dogo lenye unene wa angalau theluthi ya shina unalolikata. Lakini fanya hilo msimu mwingine. Kwa mwaka mmoja usiondoe zaidi ya robo ya majani yaliyo hai, na upepo umeshakula sehemu ya hiyo robo yako. Majani ndiyo jiko la mti.

Sasa kitakachokuchosha ni vichipukizi. Kando ya kila jeraha kubwa vitalipuka vijiti vilivyosimama wima kama ufagio uliopinduliwa, na mkono utakuwasha kuvikata vyote. Mwaka wa kwanza niliviacha karibu vyote. Mwaka wa pili nilichagua vitatu vilivyoachana vizuri na kuelekea kwenye pengo, nikapunguza vingine kidogo kidogo. Vinashikilia juujuu mwanzoni, havijafunga kwenye mbao za ndani, kwa hiyo kimoja kikirefuka haraka mno kipunguze urefu kabla upepo haujakitwanga. Ukivikata vyote kwa pamoja, vitarudi vingi kuliko mwanzo.

Mwagilia kwa kina ardhi ikikauka, weka matandazo lakini yasiguse shina. Mbolea ya kukuza majani achana nayo kwa sasa, utapata vichipukizi virefu na laini tu.

Maua usiyatarajie karibuni. Wangu ulikaa misimu miwili kijani mtupu. Msimu wa tatu ulichanua upande ule ambao haukuguswa, na hadi leo ukiutazama kwa nyuma una pengo.

Kabla hujashika msumeno, nipimie kitu kimoja: gome lililochunika limezunguka shina kwa kiasi gani? Kama ni chini ya nusu, endelea kama nilivyosema. Kama limekaribia kuzunguka shina lote, niambie kwanza, maana hapo hesabu inabadilika.