Maswali ya Wasomaji: Kumuenzi bwana shamba

SWALI: Mhariri, baba yetu alikuwa bwana shamba, akaanzia kazi kwenye mradi wa HADO. Arobaini yake inakaribia na ndugu wamenipa kazi ya kuandika wasifu. Faili lake la barua ninalo, lakini kila nikiandika inatoka orodha ya vituo vya kazi tu. Nifanyeje? – Msomaji, Kondoa

JIBU: Pole sana kwa msiba. Faili hilo litumie kupata tarehe: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za uhamisho. Ukitegemea kumbukumbu za shangazi na wajomba, mwaka mmoja utapewa majibu matatu. Kisha kwa kila kituo tafuta wakulima wawili waliofanya naye kazi, uwaulize swali moja: alikufundisha nini ambacho mpaka leo unakifanya? Wakisema kontua (matuta yanayokata mteremko), au kuanika mbegu ya mtama, liandike hivyo hivyo. "Alikuwa mchapakazi na mcheshi" kila marehemu husomewa.

HADO uieleze kidogo, maana wajukuu hawaijui. Ni Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na makorongo ili majani na miti viote tena. Kama baba alikuwa kazini mwaka huo, usiliruke tukio hilo. Wazee watakaokaa mkekani wanakumbuka ng'ombe walivyohamishwa na uchungu wake. Wala usiandike kwamba "aliikomboa Kondoa"; ile ilikuwa kazi ya watu wengi, wakiwemo waliobeba jembe bila mshahara wa serikali.

Cheo rasmi, mathalani Afisa Kilimo Msaidizi, kitaje mara moja, halafu mwite bwana shamba kama alivyoitwa. Kurasa mbili za kuandika kwa mkono zinatosha. Zikizidi, watu wataanza kuulizana pilau imefika wapi.

SWALI: Bwana shamba wetu amefariki na michango ya rambirambi imebaki kidogo. Kuna wanaotaka mnara wa saruji, kuna wanaotaka shamba darasa la mtama wenye mashimo ya Chololo, yale ya kukinga maji ya mvua, aliyotuhimiza miaka yote. Kijiji kiko tayari kutoa eneo la mita 20 kwa 20. Mnashaurije? – Msomaji, Chamwino

JIBU: Shamba darasa, lakini kwanza ardhi. Kauli ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Suala lipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, liingie kwenye muhtasari. Bila hivyo, akija mwenyekiti mwingine mtakuta kiwanja kimejengwa kibanda.

Eneo ligaweni katikati. Nusu moja ilimeni kama mlivyozoea, nusu nyingine ichimbwe mashimo. Shimo la Chololo lina upana wa sentimita 22 na kina cha 30. Shimo hadi shimo ni sentimita 60, mstari hadi mstari 90, na mistari ikate mteremko. Kwenye nusu yenu (mita 10 kwa 20) mtapata mistari 11 ya mashimo kama 33, jumla 363. Udongo unaotoka wekeni upande wa chini wa mteremko uwe kingo ya maji. Chini ya shimo tangulizeni majivu kidogo kufukuza mchwa, kisha mabua makavu, kisha samadi iliyooza, nusu kopo la lita moja kwa kila shimo. Hizo ni kama ndoo tisa za lita 20. Rudishieni udongo kiasi, mbakize kibonde cha sentimita kama 10 cha kushika maji.

Makosa ya kawaida ni matatu. Samadi mbichi: inaunguza miche na kuleta magugu. Kuchimba kwenye udongo wa mbuga (mfinyanzi mweusi): maji yanasimama, mbegu inaoza. La tatu ndilo linaloharibu somo lote: mashimo yanapandwa mvua ya kwanza na kupaliliwa mapema, nusu ya pili inasubiri. Mkifanya hivyo mtakuwa mmelinganisha palizi. Mbegu ya mtama iwe aina moja, Macia kwa mfano, ipandwe siku moja, palizi siku moja. Pandeni punje nne au tano, mpunguze zibaki mbili.

Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, king'oeni kabla hakijatoa maua, mkichome. Kikiingia kwenye lundo la samadi mmekipanda upya. Mtama ukifika hatua ya maziwa (punje bado laini, zikiminywa zinatoa utomvu mweupe) wekeni zamu ya kuamia ndege tangu alfajiri, maana kwelea kwelea hawatofautishi shamba la ukumbusho na jingine. Wakati wa kuvuna acheni mistari ya pembezoni, pimeni ya ndani kwa mizani, na uzito wa kila nusu uandikwe kwenye daftari kila msimu.

Fedha itakayobaki itoshe kibao cha bati: jina lake, miaka aliyotumikia kijiji, na vipimo vya shimo. Jina la mgeni rasmi aliyezindua halina kazi hapo.

SWALI: Tukipanda mwarobaini katikati ya shamba hilo uwe ukumbusho, kuna ubaya? – Msomaji huyo huyo

JIBU: Upo. Kivuli na mizizi vitapunguza mtama wa upande mmoja na hesabu yenu itaharibika. Upandeni nje, mita 10 au zaidi kutoka mstari wa mwisho, na uzungusheni miiba ya mkungugu siku hiyo hiyo, kabla mbuzi hawajapita.