Usipandishe nguvu, hamisha mashine

Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia juzi: "Shikamoo kaka. Hoteli yetu vyumba vya nyuma havipati waifai. Nipandishe nguvu mpaka mwisho?"

Marahaba, mdogo wangu. Usipandishe. Mimi nilipandisha, nikapoteza kazi.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, mawe na chokaa, kuta nene hata mlango ukawa na kina cha kabati. Nilifunga akses pointi nne, yaani mashine za kurusha waifai, kwenye korido, zimepangana mstari, zinapendeza. Nikaziweka dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), yaani miliwati 100. Simu za wageni zikaonesha mawimbi kamili, kurasa hazifunguki. Simu husikia mashine ikipiga kelele, lakini yenyewe sauti yake ndogo, haifiki.

Nikaiachia kontrola, mtambo unaoziongoza akses pointi, ipange nguvu yenyewe. Hapa ndipo mafundi wengi tunapoanguka. Akses pointi hazimpimi mgeni kwanza, hupimana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja hutuma ujumbe kwa nguvu zote, jirani zake wanaandika wameusikia kwa kiasi gani. Kwenye mitambo ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, hutazamwa jirani wa tatu kwa ukali: akisikika zaidi ya dBm -70 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi ni makali zaidi), nguvu inashushwa. Na kila dB 3 zinazoshuka ni nusu ya nguvu. Korido yangu ilikuwa wazi, mashine zikasikilizana kama watu wa baraza moja, zikajishusha. Nyuma ya mawe, vyumbani, hakuna kitu.

Mwenye hoteli akaniuliza mbele ya wageni wanakunywa chai: "Wewe umesoma, au cheti umenunua?" Kazi akapewa mwingine. Neno lile bado linaniuma.

Mwezi uliopita nimemaliza nyumba nyengine kama ile, Malindi. Safari hii mashine nimezitia vyumbani, kimoja kulia, kinachofuata kushoto, ukuta ukae kati yao. Zimepimana kupitia mawe yaleyale anayokaa nayo mgeni, zikachagua nguvu inayofaa. Chumba cha mwisho nimesoma dBm -63. Nimefurahi, sifichi.

Ndugu zangu mafundi, tuache kupima tukiwa tumesimama koridoni chini ya mashine. Mgeni halali koridoni. Ingia chumbani, funga mlango, kaa kitandani na simu mkononi.

Nawe wa Chake Chake, chukua ngazi leo, shusha mbili za korido uzipeleke vyumba vya nyuma. Kisha kaa kwenye kitanda cha mwisho, unisomee namba.