Kwa nini Kanda ya Ziwa ni uvimbe wa taya na Ulaya ni kansa ya damu

Ulouliza kwa nini Ulaya kansa inayoongoza kwa watoto ni ya damu afu huku Kanda ya Ziwa tunaona sana uvimbe wa taya: ule uvimbe nao ni kansa, unaitwa limfoma ya Burkitt (limfoma ni kansa ya chembe za kinga), daktari Denis Burkitt aliuelezea 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na akagundua unafuata maeneo ya joto na mvua yenye malaria kali mwaka mzima, ukipanda nyanda za juu kwenye baridi unapungua kabisa. Malaria za kujirudia zinachosha kinga ya mtoto, kirusi kiitwacho Epstein-Barr kinapata nafasi ya kuchochea kansa hii. Mtoto anaanza na meno kulegea, wiki chache tu shavu limejaa, kwa hiyo jamani msiishie kung'oa jino, mpelekeni hospitali ya rufaa haraka maana dawa zinaitibu vizuri ikiwahiwa.

Kansa ya damu huku ipo, ila homa na upungufu wa damu vinatibiwa kama malaria mpaka mtoto anafariki bila kupimwa, basi hahesabiwi. Na namba zinabadilika na wakati, mfano kansa ya Kaposi (inayotoa mabaka au uvimbe, mara nyingi kwenye ngozi) kwa watoto ilipanda sana na UKIMWI, ARV zilivyosambaa ikashuka.