Maswali na majibu: Mgeni, kadi ya chakula na dhamiri

Barua za mwezi huu karibu zote zinazungumzia ndugu zetu walioko Marekani, na sishangai. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na kundi kubwa kuliko yote lilitoka kwetu Kongo. Hapa Goma ni vigumu kupata avenyu isiyo na mtu wake huko. Januari 2025 mlango ukafungwa, ukabaki ubishi juu ya waliokwisha kuingia: wale nini, na kwa franga za nani. Walioniandikia kuomba namba ya mtu wa kuwapangia safari wanisamehe. Sina.

Mama, Yesu asifiwe. Binti yangu yuko Iowa, alifika kama mkimbizi na watoto watatu. Anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama. Wamemkatia kadi ya chakula, na Jumapili mchungaji wa kule akahubiri kwamba asiyefanya kazi asile. Analia kwenye simu. Nimwambie nini? (Mama wa Ndosho)

Amina, mama. Mwambie kwanza kwamba hakukatiwa kwa uvivu. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye msaada wa chakula, ule ambao watu wetu wanauita fudistempu. Anayefanya kazi na asiyefanya wote wamo. Mkimbizi huruhusiwa kuomba kadi ya kijani, yaani kibali cha kukaa daima, akishatimiza mwaka mmoja, na akiipata mlango unaweza kufunguka tena. Kama hajapeleka makaratasi, aende wiki hii kwa shirika lililompokea, asingoje mwezi ujao.

Sasa mchungaji. Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya mtu *asiyetaka* kufanya kazi. Anayesimama usiku kucha na kisu mkononi kwenye chumba cha baridi, asubuhi apeleke watoto shule ndipo alale, hayumo katika mstari huo. Tena binti yako huenda bado analipa tiketi ya ndege. Watu hapa hawaamini nikiwaambia, lakini mkimbizi husafiri kwa mkopo, usio na riba kweli, ila ni mkopo.

Ningependa mchungaji huyo afungue pia kitabu cha Ruthu. Torati ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi ukingoni, na mganda aliousahau asirudi kuuchukua: ni wa mgeni, yatima na mjane. Hakuna aliyemwuliza kama moyo wake umeguswa, maana ilikuwa sheria. Mgeni naye hakuletewa unga mlangoni. Aliinama juani, akaokota suke moja moja, jioni akapura. Ruthu alikuwa Mmoabi, na Wamoabi hawakupendwa. Boazi, mwenye shamba, alimwacha aokote kama sheria ilivyotaka, kisha akawanong'oneza wavunaji wake wadondoshe mengine makusudi. Hayo ya kudondosha yalitoka moyoni mwake. Hayo ya kwanza alikuwa anadaiwa. Mtu akiniambia kwamba huruma ni kazi ya kanisa peke yake na serikali isiguse, namrudisha kwenye shamba lile.

Ni kweli Marekani inawalipa mshahara wasio na makaratasi? Rafiki yangu anasema ukifika tu unapewa nyumba. (Kijana, Majengo)

Hapana. Sheria ya 1996, iliyotiwa saini na Rais Clinton, iliwanyima wasio na makaratasi karibu misaada yote ya serikali kuu, na hata wengi wenye makaratasi walilazimika kungoja miaka mitano. Kinachobaki hasa ni matibabu ya dharura, na shule kwa watoto. Hiyo ya shule ilitoka kwa Mahakama Kuu mwaka 1982, katika kesi ya jimbo la Texas, kwa kura tano dhidi ya nne. Wengi wao hukatwa kodi kwenye mshahara, pamoja na michango ya pensheni ambayo hawataila. Rafiki yako mwulize kama yeye amepewa nyumba.

Makamu wa rais wa Marekani alisema Mkristo hupenda kwanza familia yake, kisha jirani, kisha nchi, na wengine baadaye. Papa akampinga. Si Biblia yenyewe inasema asiyetunza wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini? (Mwalimu, Katindo)

Inasema, Timotheo wa kwanza, sura ya tano. JD Vance hakulitoa hewani. Mafundisho juu ya utaratibu wa upendo ni ya zamani, Augustino na Thoma wa Akwino wamo. Papa Fransisko, katika barua yake kwa maaskofu wa Marekani ya tarehe 10 Februari 2025, alijibu kwamba utaratibu wa kweli wa upendo tutauona tukitafakari mfano wa Msamaria mwema.

Mimi niko na Papa, ila kwa sababu ya kinyumbani kabisa. Mama yeyote wa Goma anajua kupakua chakula. Watoto wake kwanza, ndiyo. Lakini mgeni akibisha hodi, hamwambii angoje hadi mwaka watoto watakapokuwa wakubwa. Anaongeza maji kwenye sombe. Utaratibu wa kupakua ni halali, shida huanza pale foleni inapokuwa njia ya kumfanya wa mwisho asifikiwe kabisa.

Mimi ni wa Mugunga. Kila vita ikitokea, waliokimbia wanapewa unga, mafuta na shitingi kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba yangu. Mimi niliyewapa choo na maji sipati kitu. Nawachukia, na naona Wamarekani maskini wana haki kuwachukia wageni. Je, natenda dhambi? (Baba, hakutaja jina)

Baba, umeandika ambayo wengi wanaficha. Julai 1994 nilikuwa msichana hapa hapa mjini. Kwa siku chache mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu, na jiwe la volkano halikubali jembe, kwa hiyo maiti walipangwa kando ya barabara. Nyumbani tulikula mara moja kwa siku. Kutoka kambini mwanamke mmoja alikuja kila Alhamisi na mafuta kwenye kopo la bati lililoandikwa USA, akabadilishana na mama yangu kwa makaa na majani ya muhogo. Mama alipokea, akaguna, akasema, "Sisi tunanunua kutoka kwa mkimbizi." Uchungu wake ulikuwa na sababu. Miti ya Virunga ilikatwa, bei zilipanda, na ndani ya kambi waliofanya mauaji ya kimbari kule Rwanda walishika orodha za mgao. Mwishoni mwa mwaka huo tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa kwa sababu hiyo. Huruma bila macho inaweza kumlisha mwenye panga.

Ila tazama uchungu wako unampiga nani. Mwanamke wa kopo hakuandika orodha. Kama mgao ulipita mbele ya mlango wako, kosa ni la aliyepanga mgao, na leo mashirika yenyewe yanakubali kwamba familia zinazopokea lazima zihesabiwe. Huko Marekani pia lawama ya mwenyeji maskini ina chembe ya kweli: ripoti kubwa ya wasomi ya 2016 ilionyesha kwamba kizazi cha kwanza cha wahamiaji hugharimu majimbo, hasa kwa shule za watoto. Ripoti hiyo hiyo ilikuta kwamba watoto hao wakikua wamo miongoni mwa wanaolipa zaidi. Kama ni dhambi, kaungame, padri hatashangaa. Kisha nenda na majirani kumi kwa mkuu wa kartie mdai mhesabiwe.

Asalam alaikum, Mama. Je, zaka inaweza kumfikia mtu wa kupita? (Birere)

Waalaikum salaam. Kurani, sura ya 9 aya ya 60, inataja makundi manane, na la mwisho ni msafiri aliyeharibikiwa. Kama si Mwislamu, wanazuoni wengi humweka kwenye sadaka badala ya zaka. Zaidi ya hapo mwulize sheikh wako, mimi ni katekista.

Dada yangu anapokea kadi ya chakula, na kila mwezi ananitumia dola 50. Je, tunawaibia Wamarekani? (Himbi)

Kadi ile hununua chakula tu, haitoi pesa taslimu. Kuiuza ni kosa, na asithubutu. Dola 50 zinatoka kwenye mshahara wake, na mshahara ni wake. Swali langu ni jingine: ukipiga hesabu ya kodi ya nyumba ya kule, anakula nini wiki ya nne? Mwulize. Na mwezi huu usimwombe ya simu mpya.