Kabla ya kununua kamera ya kupigia picha za sherehe, uangalie kwanza mwanga wa ukumbi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unaishi Morogoro, una shilingi milioni moja na nusu, na unataka kuanza kupiga picha za harusi, sendofu na kipaimara kwa malipo. Umekwama kati ya kamera mpya ya ngazi ya kuanzia, inayouzwa pamoja na lenzi mbili na begi, na Canon 5D Mark II ya mtumba ambayo rafiki yako anaisifu kuwa ni fulfremu (yaani yenye sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kubwa kuliko ya kamera za kuanzia), "kamera ya wakubwa". Nimeifanya kazi hii Tanga kwa miaka tisa, na niliianza kwa kununua kifurushi kama hicho hicho unachokitazama sasa, kwa hiyo uniwie radhi nikikujibu kwa kirefu.

Kamera yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo mwaka 2016. Ilikuwa mpya, ya megapikseli 24, na ndani ya boksi mlikuwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55 (milimita zikiwa chache lenzi huona eneo pana, zikiwa nyingi huvuta vya mbali). Muuzaji akaniongezea na ile ndefu ya 75 hadi 300. Nilipoijaribu mchana, nje, picha zilitoka safi kiasi kwamba nilijiona nimekwisha kuwa fundi. Kazi ya kwanza ya malipo ilikuwa sendofu, katika ukumbi wenye taa za zambarau na buluu na mapazia meusi kila upande. Usiku ule ule nilipozifungua picha kwenye kompyuta, zile za akina mama wakiingia na zawadi huku wakicheza zilikuwa hazitazamiki: nyuso zimevutika, mikono imeyeyuka, na zile chache zilizotulia zimejaa chengachenga. Nilirudisha nusu ya malipo. Mama wa binti hakugomba hata kidogo. Aliniuliza tu kama hakuna nyingine.

Kamera haikuwa na kosa lolote. Lenzi ile ya 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na tundu dogo katika ukumbi wenye giza hukulazimisha kuchagua kati ya mabaya mawili: ama uiache shata, yaani mlango wa mbele ya sensa, wazi kwa muda mrefu na kila anayetikisika atoke ukungu, ama upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, mpaka picha ijae chengachenga. Mimi usiku ule niliyapata yote mawili, kwa maana nilikuwa kwenye ISO 6400 na shata ya sehemu moja ya 30 ya sekunde, jambo ambalo kwa mtu anayecheza ngoma ni sawa na kuomba ukungu. Baadaye mpiga picha mmoja aliyenitangulia aliniazima lenzi yake ya milimita 50 yenye f/1.8, kijilenzi chepesi cha plastiki ambacho ni miongoni mwa zile za bei ya chini kuliko zote. Kijilenzi hicho hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Katika ukumbi kama ule ningeweza kushusha ISO hadi 3200 na kupandisha shata hadi sehemu moja ya 125, kwa kamera ile ile niliyokuwa nimeanza kuichukia.

Ndiyo maana nasema anza na ukumbi. Nenda katika kumbi mbili tatu utakazofanyia kazi, jioni taa zikiwa zimewashwa, uone dari ni nyeupe au limefunikwa vitambaa, uone umbali wa kutoka meza kuu hadi mahali utakapokuwa umesimama, kisha uzigawe fedha zako kwa kuyafuata hayo uliyoyaona. Kwa bajeti yako, mimi nisingekubali bodi, yaani kamera bila lenzi, ichukue zaidi ya nusu. Inayobaki ni ya lenzi moja yenye tundu kubwa, flashi ya juu yenye kichwa kinachogeuka ili uudundishe mwanga kwenye dari jeupe, betri ya pili na kadi mbili za kuhifadhia picha.

Megapikseli zisikusumbue. Picha ya sentimita 20 kwa 30, ambayo wateja wetu wengi huitundika ukutani, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi haihitaji hata megapikseli 9, na kamera zote mbili unazozitaja zinavuka kiwango hicho kwa mbali.

Sasa kuhusu 5D Mark II. Rafiki yako hakukudanganya: sensa yake ya milimita 36 kwa 24 ina eneo linalozidi mara mbili la sensa ya kamera za ngazi ya kuanzia, na rangi za ngozi zinazotoka humo bado nazipenda. Hata hivyo, kamera hiyo ni ya mwaka 2008. Ina vituo 9 vya fokasi, yaani sehemu ambazo kamera hutumia kulenga ili picha itoke kali, na kilicho imara gizani ni kile cha katikati peke yake, kwa hiyo utajikuta unalenga uso kwanza kisha unasogeza kamera upange picha, huku bibi harusi hakungojei. Inatumia kadi za CF (CompactFlash, za mtindo wa zamani), ambazo siku ikikuharibikia ukiwa mbali na mjini hutaipata nyingine dukani kwa urahisi. Tena lenzi za Canon zenye alama ya EF-S, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo na ambazo ndizo nyingi na nafuu kwenye mitumba, hazifungi kwenye fulfremu. Ukimaliza fedha kwenye bodi, utabaki na kamera ya wakubwa isiyo na macho.

Kifurushi kipya nacho kina mtego ambao wauzaji hawausemi, na pengine wengi wao hawaujui. Canon 2000D na 4000D za mwaka 2018, pamoja na 250D ya mwaka 2019, zimeondolewa pini ya katikati pale juu panapofungwa flashi. Zile flashi za bei nafuu zinazowashwa kwa pini hiyo hazitawaka kabisa juu ya kamera hizo, wala vile vifaa vya kuwashia flashi ya pembeni vinavyotegemea pini hiyo hiyo. Utahitaji flashi inayozungumza lugha ya Canon yenyewe, ambayo bei yake ni nyingine. Kwa mtu wa kumbi, hilo si jambo dogo. Ile 200D ya mwaka 2017 inayo pini hiyo, na fokasi yake wakati wa video ni ya kutegemewa, kwa hiyo kama video fupi za mtandaoni ni sehemu kubwa ya kazi yako, itafute hiyo ya mtumba. Angalia tu usiuziwe 200D II, maana hilo ni jina jingine la 250D.

Kama picha za mnato ndizo riziki yako, ushauri wangu ni Nikon D7200 ya mtumba na lenzi yake ya milimita 35 yenye f/1.8. Ina nafasi mbili za kadi, na hilo nalithamini kuliko sifa nyingine zote, kwa kuwa ukiipanga hivyo kila picha inaandikwa kwenye kadi zote mbili na kadi moja ikifa katikati ya ndoa hulazimiki kutafuta maneno ya kumwambia mwenye shughuli. Udhaifu wake ni video, kwani fokasi yake hapo inasuasua. Nimetaja milimita 35, sikutaja 50, kwa sababu kwenye sensa ya D7200, iliyo ndogo kuliko ya fulfremu, lenzi ya 50 inabana. Chumbani anakopambwa bibi harusi utarudi nyuma mpaka mgongo ugote kabati na bado shela haitaenea.

Kwa kuwa nakupeleka kwenye mitumba, kuna mambo ya kukagua, na la kwanza ni shata. Mlango huo hufunguka na kufungwa kila unapobofya, na mtengenezaji huwa ameupima uvumilivu wake. Kwa D7200 ni mibofyo 150,000. Haimaanishi kwamba itakufa siku ikifika hapo, ila bei lazima ifuate umri. Kwa Nikon, idadi hiyo huandikwa ndani ya faili la picha lenyewe: piga picha moja, ihamishie kwenye kompyuta, ifungue kwa programu ya ExifTool na utaiona. Kwa Canon nyingi haimo kwenye faili, hivyo itabidi kuunganisha kamera kwa waya na programu maalumu, na muuzaji anayekataa jambo hilo amekwisha kukujibu. Kisha funga tundu hadi f/16, piga picha ya ukuta mweupe, uikuze. Madoa yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi la kwenye sensa, linasafishika, lakini ni hoja ya kupunguziwa bei.

Kuvu wa lenzi ndiye aliyenitia hasara mimi, na anayenunua lenzi iliyotoka huku pwani hana budi kumfahamu. Unyevu wa Tanga, Zanzibar au Mombasa humwotesha ndani ya lenzi iliyofungiwa begini miezi kadhaa, naye huonekana kama nyuzi za utando wa buibui. Ukiitazama lenzi kwa mwanga wa dirishani hutamwona. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja, uchungulie kwa upande wa pili. Niliwahi kununua lenzi ya milimita 85 bila kufanya hivyo, nikajiuliza kwa wiki mbili kwa nini picha zote zinazoelekea taa zimefifia kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Fundi aliniambia kuvu amekwisha kula rangi ya kinga ya kioo, na hilo halisafishiki. Lenzi zangu za sasa zinalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika za kufyonza unyevu, ambazo huzibadilisha zikilowana.

Kama utavutiwa na Sony zilizotoka moja kwa moja Japani, ambazo mara nyingine huja kwa bei ya kushangaza, fungua menyu kabla ya kutoa fedha. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na Kijapani peke yake, na lugha nyingine haimo ya kuchagua.

Siku ya kwenda dukani, nenda na kadi yako, tochi, na kompyuta ya kuazima kama huna, uende asubuhi muuzaji akiwa bado hana wateja wengi wa kumkimbiza. Ukipata bodi, andika hapa namba ya mfano na idadi ya mibofyo kabla hujalipa, nami nitakwambia kama mimi ningeichukua kwa bei hiyo.