Mtoto anaruka kamba, sindano ya nini?

Shikamoo dokta. Binti yangu ana miaka 11. Mwaka jana walikuja wataalamu wa moyo shuleni kwao na kimashine wakawapima watoto wote, wangu akaambiwa valvu, yaani kimlango cha moyo, imeanza kuathirika kidogo, akapangiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Mtoto haumwi popote, anaruka kamba mpaka giza linaingia, ila siku ya sindano anachechemea hadi kesho yake. Mama mkwe anasema namtesa mtoto mzima. Niache?
Mama K, Morogoro

Marahaba Mama K. Usiache. Najua sio jibu ulilokuwa unalitaka ila ngoja nikueleze, na ukifika nyumbani mweleze na mama mkwe kwa adabu zote.

Alichonacho mwanao kilianzia kooni, kwa bakteria wa mafindofindo anayeitwa streptokokasi. Mwili ukipigana naye mara kwa mara kinga inachanganyikiwa, inaanza kushambulia na valvu za moyo, hasa ile ya upande wa kushoto. Mwanzoni mtoto hasikii kitu kabisa. Anakuja kusikia ameshakuwa mdada, wengi ni wakati wa ujauzito, anapanda ngazi mbili anahema kama kabeba gunia, na hapo valvu imeshakakamaa inataka operesheni. Sindano haitengenezi valvu, kazi yake ni kumzuia yule bakteria asirudi.

Sasa hilo la mama mkwe sio swali la kijinga, hata madaktari walikuwa wanabishana. Kwamba penisilini inazuia homa ya rumatiki, yaani huo ugonjwa unaoanzia kooni na kuishia moyoni, ilijulikana toka mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa askari waliokuwa wanaumwa koo kwenye kambi moja huko Wyoming, Marekani. Lakini mtoto ambaye hajawahi kulalamika, amekutwa tu na mashine, huyo naye achomwe? Hakuna aliyekuwa na uhakika, ndo watafiti wakaingia kaskazini mwa Uganda, wakapima watoto 102,200 wa miaka 5 mpaka 17, yaani idadi ya kujaza uwanja wa mpira na wengine wabaki nje, wakabaki na 818 wenye dalili za mwanzo kama za mwanao. Wakawagawa kwa kura, nusu sindano kila wiki nne kwa miaka 2, nusu wanafuatiliwa tu bila sindano, na waliosoma picha za moyo mwishoni hawakuambiwa nani alikuwa kundi gani. Majibu yalichapishwa Januari 2022: kwa waliochomwa, hali ilizidi kuwa mbaya kwa watoto 3. Kwa wasiochomwa, 33.

Nisikufiche na upande wa pili, wengi wa ambao hawakuchomwa hawakuzidiwa. Ukipiga hesabu unachoma watoto kama 13 kwa miaka miwili ili kumwokoa mmoja, shida ni kwamba hakuna mashine ya kukuonyesha mmoja mwenyewe ni yupi. Mi ningekuwa na binti, ningemchoma.

Maumivu sasa. Ile dawa ni unga unaochanganywa na maji, ikishachanganyika ni nzito kama maziwa ya kopo, hata sindano yenyewe inaziba. Nilipokuwa wodini kulikuwa na nesi mmoja mtu mzima, alikuwa anaizungusha chupa katikati ya viganja huku anamuuliza mtoto habari za shule na mwalimu gani mkali, halafu anasukuma dawa polepole mpaka wewe unayeangalia unachoka. Watoto walikuwa wanamsubiri yeye tu, wengine hawawataki. Kwahiyo muombe nesi wenu asiharakishe, na uulize kama wanaweza kuichanganya na ganzi, ile ile ya kung'olea meno. Mtoto awe amekula, na akishachomwa mkae hapo hapo nusu saa. Mzio hutokea mara chache sana ila ukitokea, utokee mbele ya nesi sio kwenye bodaboda.

Dokta, mzee wangu ana miaka 74, moyo haujawahi kumsumbua, ila jirani alimwambia aspirini ile ndogo ukinywa kila siku inalinda moyo. Huu mwaka wa pili anakunywa. Ni sawa?
Juma, Tanga

Hapa nageuka, Juma. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti wa Australia na Marekani, wazee 19,114 wazima wa afya, karibu wote miaka 70 kwenda juu, nusu wakipewa aspirini ya miligramu 100 kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa ndani, karibu miaka mitano. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa kiasi cha maana, kilichoongezeka ni kuvuja damu, tumboni na hata kichwani. Jirani hana kosa, miaka ya nyuma hata sisi tuliwaandikia watu wa aina hiyo.

Ila kabla hujamnyang'anya vidonge muulize taratibu kama hajawahi kupata kiharusi au kuzibuliwa mshipa wa moyo, wazee wetu mnawajua kwa kuficha mambo, na aliyewahi kuumwa hivyo haachi aspirini kienyeji, kwake inasaidia kweli. Kisha mpeleke kwa daktari na pakiti yenyewe mkononi. Na siku akikwambia choo kimekuwa cheusi kama lami, usisubiri hiyo tarehe ya kliniki, nendeni siku hiyo hiyo.