Kanda za marehemu baba yako: nakili leo, kupandisha kutasubiri

Wiki hii mdogo wangu mmoja wa Pangani kaniandikia. Kaachiwa na marehemu baba yake boksi la kanda za taarabu, anataka azipandishe mtandaoni zisipotee, ila anaogopa hakimiliki. Najua wengi mnaonisoma mna boksi kama hilo uvunguni.

Mimi yalishanikuta. Nilikuwa na ukurasa wa muziki wa vikundi vya Tanga: Black Star, Lucky Star, Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, vitu ambavyo dukani huvipati hata ukiwa na fedha mkononi. Asubuhi moja nikakuta umefungwa. Kampuni fulani imedai rekodi ni zake. Sawa, sheria ni sheria. Kilichoniuma ni simu iliyofuata baadaye: mtu wa kampuni hiyohiyo, kwa upole wote, anauliza kama bado ninayo nakala safi ya wimbo mmoja, maana wao hawana. Ninayo. Hajaipata mpaka leo.

Na wala si sisi wadogo tu. Mwaka 2023 kampuni kubwa za muziki, Universal na Sony zikiwemo, ziliishtaki Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya Marekani, kwa sababu ya santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika. Walikuja kupatana 2025.

Sasa sikia, mdogo wangu. Kunakili ni jambo moja, kupandisha ni jingine, na kanda haingojei wanasheria. Kwa hewa yetu hii ya chumvi utepe unaota ukungu mweupe. Kile kisponji kidogo kinachousukuma utepe kwenye hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, kinabanduka, unasikia mwimbaji kama yumo mtungini. Fungua skrubu, hamishia utepe kwenye kanda nyingine nzima. Zile zisizo na skrubu ni wembe na subira. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Hifadhi kwa WAV, faili lisilobana sauti, siyo MP3. Nakala moja iache kwako, nyingine kwa dada yako. Nakili. Nasema tena, nakili.

Kupandisha ndiko kwenye kesi. Sheria yetu ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo wimbo unaweza kuwa wa zamani kukuzidi umri na mashairi yake bado ni mali ya warithi. Kuandika "sina haki na wimbo huu" chini ya video hakukusaidii chochote. Acheni uvivu, vijana, nendeni Ngamiani pale Tanga mkabishe hodi kwa warithi!

Mimi nilibisha. Mwezi uliopita mjane wa mpiga fidla mmoja alinisainia, na sharti lake lilikuwa moja: jina la mumewe liandikwe, maana kwenye santuri waliweka la kikundi peke yake. Nilimpigia wimbo kwanza, karatasi ikafuata. Akanitajia hadi nani alikuwa kwenye ngoma ya dumbaki.

Karatasi yenyewe ni ukurasa mmoja. Wimbo gani, utawekwa wapi, ukiingiza fedha nani anapata nini, na saini za warithi wote, siyo za yule mmoja anayekaa karibu na kituo cha daladala.